Chemosit Adai Kiingilio

Katikati ya Oktoba binamu yangu alinipigia simu kuniuliza kama nina shuka kuukuu nyeupe.

"Shuka ya nini?"

"Nataka kufanya Halloween."

"Wapi?"

"Hapa Litein. Kwa shamba ya Kogo."

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halloween ninayoijua mimi ni ya Nairobi: klabu za Westlands, vijana wamejipaka damu ya rangi, kiingilio bei kali, na saa tisa usiku mchawi na mifupa wanang'ang'ania teksi moja. Litein ni kitu kingine kabisa. Ni mji wa barabara ya Kericho kwenda Sotik, wenye hospitali ya misheni, kiwanda cha chai, bodaboda nyingi kuliko kazi, na makanisa ya kutosha kumfukuza shetani yeyote kabla hajapaki gari. Saa mbili usiku watu wa kijijini kwetu wameshafunga milango.

Lakini binamu alikuwa amepiga hesabu. Shule zimefungwa, watoto wamejaa nyumbani, hakuna cha kufanya. Angechukua ile njia inayotoka getini, inakatiza katikati ya majani chai, inateremka hadi kijito chini ya mikaratusi, kisha inapanda kurudi bomani. Kama mita mia nne hivi. Angeweka vituo sita vya kutisha. Kiingilio shilingi 50, na aliye chini ya miaka kumi aje na mkubwa wake. Nikamwambia nitakuja na shuka mbili. Kichwani nilishaanza kuandika makala ya kuchekesha kuhusu Wazungu weusi wa mashambani.

Makala hiyo sikuiandika. Hii ndiyo niliyopata badala yake.

*

Tuanze na Halloween yenyewe, maana hata wanaoikemea madhabahuni huwa hawaielezi vizuri. Asili yake inatajwa kuwa Samhain, sikukuu ya Wakelti wa Ireland na Scotland ya kufunga mavuno na kufungua majira ya baridi. Iliaminika kwamba usiku huo mpaka kati ya walio hai na wafu huwa mwembamba. Kanisa lilipoweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, mkesha wake, yaani Oktoba 31, ukabeba yote mawili, maombi na mizimu. Waayalandi walichonga sura za kutisha kwenye tanipu na kuweka mwanga ndani. Njaa kuu iliyoanza 1845 iliwasukuma kwa maelfu hadi Marekani, na huko wakakuta boga, ambalo ni kubwa na rahisi kuchonga. Boga likashinda.

Njia za kutembea gizani huku ukitishwa zilikuja baadaye, na sababu yake ilinishangaza. Kufikia miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, vijana wa Marekani walikuwa wakiutumia usiku huo kuvunja madirisha, kung'oa mageti na kuwasha moto barabarani. Wazazi na majirani wakaona heri wawape vijana hofu ya kupangwa kuliko kuwaachia fujo ya kweli. Wakageuza vyumba vya chini vya nyumba zao kuwa njia za giza. Vijitabu vya sherehe vya wakati huo vilishauri watu watundike ini bichi ukutani ili mtoto akipapasa aguse kitu baridi chenye utelezi. Mwaka 1969 Disneyland ikafungua jumba lake la mizimu, na kuanzia miaka ya 1970 vyama vya kijamii vikawa vinachangisha pesa kwa njia hiyo hiyo. Leo ni biashara nzima, yenye waigizaji, tiketi na bima. Bima yenyewe haikuja bure. Mei 1984, jumba la kutisha katika bustani ya burudani ya Six Flags huko New Jersey liliwaka moto na kuua vijana wanane.

Habari hiyo ya mwisho nilimsomea binamu kwenye simu. Akaapa kwamba hakutakuwa na petroli, wala mshumaa karibu na shuka. Tochi za simu tu.

Kwa hiyo ukiondoa boga na filamu, hii ni mbinu ya wazee. Vijana wanasumbua usiku, basi wape kitu gizani cha kuwarudisha nyumbani. Kogo yangu angewafundisha hao Wamarekani bila hata kuvua gambuti.

*

Mtoto yeyote aliyelelewa na bibi wa Kikipsigis anamjua Chemosit. Ana mguu mmoja na makalio tisa. Nusu mtu, nusu ndege. Hutembea akijiegemeza kwenye fimbo inayofanana na mkuki, na mdomo wake ni mwekundu, unawaka usiku kama taa. Nilipokuwa mdogo, makalio tisa ndiyo yaliyonisumbua akili. Nilijaribu kuyachora, yakakataa kuenea kwenye karatasi.

Miaka mingi baadaye nilikuta sifa hizo hizo katika kitabu kuhusu Wanandi kilichochapishwa mwaka 1909 na A. C. Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni. Wanandi na Wakipsigis ni ndugu wa lugha na wa hadithi. Mguu mmoja upo, makalio tisa yapo, taa ya mdomoni ipo. Lakini kuna jambo moja ambalo nilikuwa nimelisahau. Chemosit huimba usiku karibu na maboma. Watoto wakisikia wimbo na kuona mwanga kwa mbali, hudhani kuna ngoma. Huufuata mwanga. Ndiyo basi.

Hebu soma tena. Mwanga kwenye giza, muziki, watoto wanaoufuata wakidhani ni sherehe. Binamu yangu alikuwa na spika ya bluetooth na taa nyekundu ya diski. Bila kujua alikuwa ametengeneza Chemosit, kisha akamwekea kiingilio.

Wazungu nao walimwogopa, kwa namna yao. Walowezi walipoanza kuikata nchi hii waliripoti kuona mnyama wa ajabu mwenye mabega ya juu na mwendo wa kuyumba, wakamwita dubu wa Nandi. Mwaka 1912 jarida la wapenda elimu ya viumbe la Afrika Mashariki lilichapisha simulizi ya mmoja wao, Geoffrey Williams, aliyesema alimwona Uasin Gishu. Wajenzi wa reli ya Magadi nao wakaleta habari zao. Wanasayansi wengi wakaishia kunyooshea kidole fisi. Kinachonichekesha ni kwamba hadithi ya bibi ya kuwaingiza watoto ndani kabla ya giza ilivuka ikawa safari ya wanaume wazima wenye bunduki, wakimtafuta mnyama ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha umelala mapema.

Lakini ukweli ni kwamba kulikuwa na sababu ya kuogopa usiku, na haikuwa na makalio tisa.

*

Nilifika Litein tarehe 30. Binamu alinitembeza njia yake mchana. Kituo cha kwanza, shuka zangu juu ya matawi. Cha pili, mikono inayochomoza kutoka kwenye majani chai. Kama hujawahi kuliona shamba la chai, majani yake hupunguzwa yakawa bapa kama meza, yanafika kiunoni. Mtu mzima akichuchumaa ndani, humwoni hata ukiwa hatua mbili. Cha tatu, kijito na ndoo ya matumbo ya kondoo kutoka buchari (ini bichi la Marekani limepata mwenzake). Cha nne, Chemosit mwenyewe, kijana mrefu wa jirani akirukaruka kwa mguu mmoja na mito imefungwa nyuma. Cha tano, muziki.

"Na cha sita?"

"Cha sita ni noma," akasema. "Nyumba ya laibon. Mzee amekaa ndani, anakulaani kwa jina lako."

Kogo alikuwa anachambua mboga mlangoni. Hakuinua kichwa. "Hiyo hapana," alisema.

"Kogo, ni mchezo tu."

"Nimesema hapana. Mizimu yako cheza nayo. Hao ni watu."

Binamu akanitazama nimsaidie. Sikumsaidia, kwa sababu wote wawili tulijua ni nani wanaoishi ng'ambo ya kijito. Tulipokuwa wadogo tulikatazwa kupita hapo tukiwa na chakula mkononi. Tukikosana na watoto wa kule hatukuwapiga. Si kwa huruma, kwa woga. Ni watu wa ukoo wa Talai.

*

Talai ni ukoo uliotoa maorkoiyot, viongozi wa kiroho wa Wanandi na Wakipsigis. Waingereza wakawaita malaibon, jina la Kimaasai. Orkoiyot aliombea vita, mvua na mifugo, na alionya juu ya yajayo. Watu walimheshimu na walimwogopa, vyote kwa pamoja. Wanandi wenyewe walimuua mmoja wao, Kimnyole arap Turukat, mwishoni mwa karne ya 19 wakimlaumu kwa maafa yaliyowapata. Mwanawe mmoja, Koitalel arap Samoei, akabaki Nandi. Mwingine, Kipchomber arap Koilegen, akaja huku kwetu Kipsigis.

Koitalel aliongoza upinzani dhidi ya Waingereza na reli yao. Tarehe 19 Oktoba 1905, Richard Meinertzhagen alimwita kwenye mazungumzo ya amani, akampiga risasi. Fimbo zake zilichukuliwa, na zilirudi Kenya mwaka 2006, baada ya miaka mia moja. Kichwa chake, watu wake wanaamini, bado kiko ughaibuni. Kipchomber alihamishwa kwa nguvu mwaka 1914 hadi Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, akafia huko.

Wakati huo huo ardhi ilikuwa inabadilisha mikono. Mwaka 1919 serikali ilitenga ekari 25,000 Kericho kwa maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa katika Vita Kuu, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafa. Wakipsigis hawakurudishiwa ardhi. Miaka ya 1920 zikaja kampuni kubwa za chai. Ile kijani nzuri unayoipiga picha ukipita Kericho kwa matatu, ile ya kuwekea hashtag, ilianzia hapo. Chai ya wakulima wadogo kama Kogo ilikuja baadaye sana, kuanzia miaka ya 1950, maana kabla ya hapo Mwafrika kupanda chai lilikuwa jambo la kukatazwa.

Talai walionekana kikwazo. Serikali iliwalaumu kwa wizi wa mifugo, uchochezi na uchawi. Sheria ya Uchawi ilikuwa tayari imepitishwa mwaka 1925, lakini huwezi kuupeleka ukoo mzima mahakamani mmoja mmoja. Basi mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwaondoa malaibon kwa pamoja. Takriban watu 700, wazee, wanawake na watoto wachanga, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, kwenye mbung'o na malaria. Watu wa milimani yenye ukungu wakatupwa kwenye joto la ziwa. Wengi walizikwa huko. Kosa la mtoto aliyezaliwa njiani lilikuwa jina la ukoo wa baba yake.

Angalia tarehe hizo. Muongo ule ule ambao wazazi wa Marekani walikuwa wakitundika maini ukutani ili watoto wao waogope kwa raha, serikali hapa kwetu iliandika hofu kwenye gazeti rasmi na kuipigia muhuri.

Waliruhusiwa kurudi uhuru ulipokaribia. Kogo alikuwa ameshaolewa hapa. Anakumbuka familia zikirudi na watoto wanaochanganya Kikipsigis na Kijaluo, wakikuta mashamba yao yana wenyewe. Wengine waliishia kujibana kwenye vijisehemu mjini Kericho. Wengine wakatafuta pa kujishikiza, kama hawa wa ng'ambo ya kijito. Madai yao ya fidia yamefika hadi Umoja wa Mataifa. Wanasiasa huwakumbuka wakitaka baraka: mwaka 2020 wazee wa Talai kule Nandi walimbariki William Ruto, akiwa Naibu wa Rais, na picha zikajaa kwenye magazeti. Siku ya kawaida lakini, mtu akitaka kuoa kwao, wazazi wanakohoa.

"Serikali ya Mzungu iliwabeba kwa lori," Kogo alituambia huku akiendelea na mboga. "Sisi tuliobaki ndio tuliwaweka watoto wetu mbali nao. Hiyo hakuna Mzungu alitulazimisha."

Sijawahi kusoma sentensi hiyo katika kitabu chochote cha historia.

*

Kuna kitu kingine nilichomweleza binamu jioni ile. Ng'ambo ya mpaka wetu na Kisii, si mbali kwa matatu, wazee wamechomwa moto kwa kuitwa wachawi. Oktoba ya 2021, eneo la Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati. Kule Salem, Marekani, waliua watu kwa tuhuma za uchawi mwaka 1692, na leo mji huo unauza fulana na kofia ndefu nyeusi. Pengine miaka mia tatu inatosha kufanya kifo kiwe duka. Sisi hata mitano haikuwa imepita vizuri. Mchawi wa Halloween anachekesha pale ambapo hakuna jirani anayeweza kufa kwa neno hilo.

Binamu alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Sawa, lakini sasa kituo cha sita kiko wazi. Nimeshawaambia watoto ni sita."

Kogo akasema, "Nitakaa mimi."

*

Tarehe 31 ukungu ulishuka mapema, kama umelipwa. Saa moja na nusu watoto ishirini na kitu walikuwa getini, shilingi zao zimekunjwa kwenye ngumi. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mvulana wa kama miaka kumi na mmoja, peke yake. Mtoto wa ng'ambo ya kijito. Wenzake walikuwa wameacha nafasi kati yao na yeye, si kubwa, lakini niliiona kwa sababu niliijua. Zamani nilikuwa mmoja wa wanaoiacha.

Binamu alichukua hamsini yake kama ya wengine, akasema, "Ingia, boss."

Sitawaelezea vituo vitano vya kwanza. Walipiga kelele, walikimbia, mmoja alipoteza sapatu kijitoni, Chemosit alianguka kwa sababu ya makalio yake na akashangiliwa. Nilikuwa nimejificha karibu na kituo cha sita na tochi.

Kogo alikaa kwenye kigoda mbele ya jiko la zamani, blanketi mabegani, koroboi miguuni. Hakuvaa barakoa wala kupiga ukelele. Kila mtoto alipofika akihema, alimuuliza kwa Kikipsigis, taratibu: "Umerudi? Wewe ni nani?"

Ili uelewe kwa nini hilo liliwatisha kuliko mito ya Chemosit, lazima ujue jambo moja. Kwetu wafu hawarudi Oktoba wakidai peremende. Wanarudi wakiwa watoto. Mtoto akizaliwa, wanawake wazee huita majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina lililoitwa wakati wa chafya ndilo lake, ndiye aliyerudi. Hilo ni jina la kurenet. Langu ni la mama yake Kogo, ndiyo maana huyu bibi mzima wa miaka themanini na ushei huniita mama, akiwa amechoka hunideni.

Kwa hiyo swali halikuwa "unaitwa nani shuleni." Lilikuwa, umembeba nani?

Mtoto wa kwanza hakujua. Wa pili hakujua. Wa tatu alitaja jina la ubatizo. Kogo hakuwakemea. Aliwaambia, "Nenda ukamuulize mama yako. Akikosa kujua, amuulize mama yake. Ukijua, rudi unywe chai." Nilihesabu. Kati ya watoto wote, waliojua hawakufika nusu. Nikafikiria ni majina mangapi yanapotea kila mwaka kijiji kimoja, bila lori, bila sheria, kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Yule mvulana alifika wa mwisho, suruali imelowa hadi magotini. Kogo akamuuliza. Hakusita hata kidogo. Alitaja jina, kisha akataja la baba yake huyo mtu, na la babu yake, kama mtu aliyeambiwa ayashike vizuri asije akayaangusha.

Kogo aliinua koroboi akamtazama usoni kwa muda.

"Huyo nilimjua," akasema. "Alirudi kutoka Gwassi akiwa mgonjwa. Alikuwa mtu wa kucheka sana. Nilimnyima maji siku moja, hapo getini, kwa sababu niliogopa."

Mvulana hakujua la kusema. Mimi pia sikujua. Kogo akajisogeza kwenye kigoda, akamimina chai kutoka kwenye chupa, maziwa mengi kama inavyotakiwa, akampa kikombe kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyompa mkubwa wake.

"Kunywa," alimwambia. "Nimekaa nayo muda mrefu."